Niliishia Dagoretti

Lavington, 12 Agosti 1968

Dada Nekoye,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na mtoto wa tajiri wangu ameanza kutembea.

Jana nilikuwa na ofu. Nikapanda treni mjini hadi Dagoretti tu, nitazame mashamba dirishani kama mtalii. Ndani nikamkuta jirani yetu Mama Khisa, akirudi Bungoma. Akapiga vigelegele: "Namalwa! Hatimaye unaenda kumwona mama!"

Nikashindwa kukataa. Dagoretti nikamwambia nashuka kununua ndizi, nikajificha nyuma ya choo mpaka treni ikaondoka.

Najua atamwambia mama treni iliniacha, nitakuja na inayofuata. Na unamjua mama. Ukipata barua hii, tafadhali nenda stesheni ukamrudishe nyumbani.

Mdogo wako,
Namalwa