Nilimfungia Mama kwa Nati Mbili

Ijumaa. Jasho tokea alfajiri, vioo vya madirisha vimelowa kwa nje, na mimi nimeamka na moyo mzito.

Niseme kweli leo.

Mwaka wa tatu huu namuuguza mamaangu. Maradhi ya kusahau yamemfutia Kiarabu chote, lugha ya huku tunakoishi, kimebaki Kiswahili cha utotoni mwake Unguja. Wauguzi wawili tuliowaajiri hawakumwelewa, naye akawaogopa, wakaondoka. Kakaangu Suleiman yuko Sib, mji wa jirani, Kiswahili anakijua kama mimi, lakini ana kazi na watoto. Mimi sina mume, kwa hiyo ikaonekana nna nafasi. Uhandisi wangu nikauacha.

Kinachonishikilia akili ni ndege. Ndogo, ya kujifunzia, ya kuongozwa kwa rimoti. Naiunda chumba cha kupigia pasi. Wiki nzima nimehangaika na usukani: waya unaotoka kwenye mota ndogo hadi gurudumu la mbele ulikuwa unakwaruza ubao, gurudumu likikwama kila nikiligeuza kushoto. Jana nikaupinda upya, nikalitanua tundu, ukateleza. Nikacheka peke yangu.

Leo ilikuwa zamu ya injini. Inafungwa puani kwa bolti nne, imeelekezwa chini kidogo na kulia kidogo, ili ndege isivute kushoto. Nati za kawaida hulegea kwa mtetemo. Zinatakiwa zenye plastiki ndani. Nilikuwa nazo mbili tu.

Mama alikuwa amelala. Duka la vifaa si mbali. Nikafunga mlango kwa nje, nikaondoka na gari.

Lakini si nati tu. Nilipokwisha kuzinunua niliipita njia ya nyumbani, nikashika ya Yiti, kijiji cha pwani, nimeshusha vioo, joto lote linaingia. Sikuwa nafikiria kitu. Ilikuwa raha.

Karibu saa nzima.

Niliporudi nilimkuta kasimama nyuma ya mlango, kanga imemwanguka, viganja vyekundu kwa kuvuta kitasa.

"Nani kanifungia?"

"Mlango ulikwama, mama."

Akanishika uso. "Na wewe, masikini, wamekufungia nje?"

Nikamwosha mikono, nikamlaza, nikampigia Suleiman. Nikamwambia yote, hata ya Yiti.

"Angeanguka je?" akasema. "Umemwacha vipi peke yake?"

"Kama ulivyoniacha mimi."

Miaka yote hii sikupata kulitamka.

Alasiri kaja, bila watoto. Akakaa kitandani kwa mama, naye mama hakumjua, akawa anamkaribisha kama mgeni, anamuuliza kwao wapi. Suleiman akalia. Nilitaka kumwonea huruma, ikagoma kuja. Nikaingia chumbani kwangu kwa pasi, nikaifunga injini. Hakuna aliyeniita mpaka magharibi.

Akiondoka alisema, "Ijumaa zote nachukua mimi. Na Jumanne nikitoka kazini."

Nikamfungulia mlango.

Najijua. Ijumaa ijayo akipiga simu kutoa udhuru, mdomo wangu utakuwa tayari: haidhuru kaka, usijisumbue, sisi hatujambo.

Safari hii nisiseme hivyo. Nimwambie, njoo.