Kabla Hawajamtangaza Mshindi

Nyansiongo,
Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Mghoi, ambaye anatetemeka kwa baridi na bado ana furaha isiyo na kifani. Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba, ameacha kupanda juu ya tangi la maji kama daktari alivyomwambia? Sisi hapa tu wazima. Makori naye ni mzima, na niongeze, ingawa hukuuliza, kwamba anazidi kunipendeza. Jana aliamka kabla yangu akanichemshia maji ya kuoga, kwa sababu tu nilisema maji ya huku yanauma. Nilidhani mapenzi ya namna hii huisha harusi ikiisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia sote wawili. Juzi ulinisihi nipande basi nirudi Voi kabla mshindi wa urais hajatangazwa. Ulisema mke aliyetoka kabila lingine hana wa kumtetea mambo yakiharibika. Sikukujibu, Mama, lakini si kwa hasira. Hata mimi nilikuwa na hofu, na kimyakimya nilikuwa nimeulizia basi la kurudi. Sasa acha nikusimulie usiku wa kuamkia leo.

Umeme ulikatika jioni mvua ilipoanza, na simu zetu zote zikaisha chaji. Boma zima likabaki na radio moja ya betri, ya baba mkwe, iliyo sebuleni kwake. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Huku kuna heshima wanayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono wala hawakai pamoja kuzungumza, na mzee huyu anaishika heshima hiyo kuliko wote. Tangu niolewe hajawahi kuniambia neno. Akitaka chai anamwambia mama mkwe, naye mama mkwe ananiambia mimi, na wakati huo wote nimeshaisikia sauti yake kupitia mlangoni.

Basi wanaume walikaa sebuleni na radio: baba mkwe, Makori, na jirani yetu Mzee Nyakundi, ambaye betri za radio yake zilikuwa zimekwisha. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni tukichoma mahindi, mlango tumeuacha wazi kidogo tusikie. Mtangazaji alisoma eneo bunge moja baada ya jingine. Kila mgombea anayependwa huku akipata kura nyingi, Nyakundi alipiga goti lake kofi. Akikosa, alisema hilo eneo lihesabiwe upya.

Mara nikasikia, "Sasa tunaelekea eneo bunge la Voi."

Mama, sijui miguu ilinipelekaje. Tangu nije huku sikuwa nimesikia mtu mwingine akilitaja jina la kwetu. Nilikuwa nimejifunga leso kifuani, mkononi nina hindi la moto, nikaingia sebuleni mbio na kukaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na radio. Bega langu liligusa bega la mtu. Nikageuka. Alikuwa baba mkwe.

Mzee aliruka kama aliyekanyaga makaa. Alivuta kofia ikamfunika macho, akafungua mlango, akatoka nje kwenye mvua, miguu mitupu. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jikoni, mkono mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "umemfukuza mwenye nyumba."

Nilitamani ardhi inimeze. Makori wangu, badala ya kunisaidia, alikuwa anajikaza asicheke mpaka machozi yanamtoka. Niliinuka nikimbie, ndipo sauti ikatoka dirishani, upande wa nje.

"Makori."

"Ee, Tata," Makori akamwitikia baba yake.

"Mwambie huyo msichana akae. Kwao kunasomwa. Mimi nasikia nikiwa hapa."

Aliyasema kwa Kiswahili, Mama, lugha ambayo yeye huitumia na daktari wa ng'ombe tu. Aliyasema kwa Kiswahili ili niyaelewe mimi.

Nikakaa. Makori akampelekea koti na viatu vya mvua, akarudi akanishika mkono mbele ya mama yake bila haya. Nao mkono wake, Mama, ni mpana na wa joto, mtu akiushika hata baridi ya huku Borabu anaisahau. Kura za Voi zikasomwa. Watu wetu walikuwa wamempa nyingi yule ambaye huku hapendwi.

"Aa, Makori," Nyakundi akasema. "Ulienda Pwani kutafuta mke, ukatuletea wakala wa upinzani. Hizo kura ametutilia yeye."

Alicheka, lakini si sana. Mimi sikucheka kabisa. Nilijiambia, ndiyo haya aliyoyasema Mama.

"Nyakundi," sauti ya dirishani ikaita, bado kwa Kiswahili.

"Ee, Mzee."

"Wewe ulipiga kura wapi?"

"Si hapo shuleni."

"Huyu naye alikuwa foleni gani?"

"Hiyo hiyo. Alikuwa mbele yangu."

"Basi kwao ni hapa. Ukitaka kugombana na watu wa Voi, panda basi uwafuate. Huyu ni wa boma langu, na radio unayosikiliza ni yangu."

"Mzee, mimi natania tu."

"Tania ukiwa umenyamaza."

Mama mkwe aliangua kicheko, Nyakundi naye akacheka, safari hii kweli, akaomba nimpe hindi. Tukasikiliza hadi majogoo, mimi ndani kando ya dirisha, baba mkwe nje chini ya upenu, na mshindi bado hajulikani.

Asubuhi nilipopeleka chai nikakuta mzee amekwisha kuhamishia kiti chake barazani, chini ya dirisha lile, na radio ameiweka dirishani katikati. Mama mkwe akaniambia, "Amesema hata leo usiku watasoma. Uje mapema."

Kwa hiyo sirudi, Mama. Barua hii naituma leo na basi la Mombasa linalopita Voi, na nimeiharakisha kwa makusudi, ili ikufikie ukijua niliandika kabla hawajamtangaza mshindi. Sitaki ufikiri nimebaki kwa kuwa fulani ameshinda, au nitaondoka kwa kuwa fulani ameshindwa. Nani nilimpigia kura sikuambii, na hata Makori hajui, ingawa ananibembeleza kila siku.

Nisalimie Baba, na kaka yangu fundi wa pikipiki, na shangazi anayeuza mahamri pale stendi, na nyanya aliyenifunza kufunga leso. Mwambie inahitaji kukazwa zaidi, kwa watu wanaokimbia.

Lala usingizi, Mama. Mimi usiku wa leo nina kiti changu.

Mwanao aliye nyumbani kwake,
Mghoi