Baba, Mzee wa Mbulu Hakula

Baba yangu mpendwa,

Umelala kando ya shamba la mbaazi, na mimi nimerudi nyumbani Mogitu. Najua ungeuliza kwanza, "Na kazi je?" Ngoja nikueleze.

Unakumbuka nilivyokuja nyumbani nalia, katikati ya mafunzo ya uhudumu wa ndege? Mashirika ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuruka, nami nikabahatika kuchaguliwa. Lakini mkufunzi alikuwa ananikata alama. Eti nasema chini chini. Eti abiria mzee akiniita, najibu huku natazama viatu vyake.

"Baba, wanataka nimtazame mzee usoni, tena nitabasamu."

Ulivuta kigoda, ukakaa. "Mimi ni abiria. Niletee maziwa."

Nilikuja nimeinamisha kichwa, ukanirudisha. Nikaja tena, ukanirudisha. Wewe uliyetufundisha kwamba mtoto hamkazii macho mkubwa, ulinishika kidevu ukaniinua uso. "Nitazame. Hapa nimekuruhusu." Mama alicheka mpaka akatoka nje. Nilifaulu kwa sababu yako.

Ulipofariki, kazini walinipa siku chache tu. Shangazi alinisindikiza stendi akinikumbusha kwamba kwetu aliyefiwa hagawi chakula kwa watu wengine mpaka msiba uondolewe. Nikamwambia kazi haingoji. Nikaenda, nikavaa sare, nikapaka rangi mdomoni.

Safari ya kwanza tu, dirishani alikaa mzee mmoja. Nilipomwamkia, akatambua lafudhi yangu.

"Wewe ni wa kwetu. Mimi natoka Mbulu. Baba yako ni nani?"

Nilitaja jina lako.

"Hajambo?"

Ningeweza kudanganya. "Tumemzika juzi, mzee."

Alivua kofia, akanipa pole. Lakini nilipomwekea chakula, alikisogeza taratibu upande wangu. "Usichukie, mwanangu. Siwezi kupokea chakula mkononi mwako. Na wewe hukupaswa kuwa hapa."

Angefoka ningevumilia. Alisema kwa upole, kama ambavyo ungesema wewe, na hapo nikashindwa. Nililia mbele ya abiria, trei mkononi.

Tulipotua, mkuu wa zamu aliniita, nikamweleza yote. Si mtu mbaya, baba. Alisikiliza hadi mwisho. "Pole sana. Lakini huku angani hakuna mambo ya kabila. Abiria anataka tabasamu. Utaweza?"

Niliomba wanisubiri mpaka msiba uondolewe. Hawakukubali. Nikarudisha sare.

Sasa padri amekuombea misa, na wazee wamemaliza mambo yao ya kuondoa msiba. Nilipiga simu kazini. Nafasi yangu ina mtu mwingine.

Sijui kama nimekuheshimu au nimetupa kile ulichonipa siku ile ukiwa umekaa kwenye kigoda. Nikiwa shambani najiuliza, nikilala najiuliza. Wewe peke yako ndiye ungeweza kunijibu, na nilivyokuzoea, ungeanza kwa kuvuta kigoda.

Mama hanilaumu. Asubuhi ananipa jembe, tunalima bila maneno mengi. Jana jirani alimuuliza nitarudi lini kazini. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nikamsikia mama akijibu haraka, "Yupo likizo."

Nakuacha upumzike, baba.

Binti yako uliyemruhusu