Nyimbo za Unyago Zinakungoja Mbwera

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Mwanahawa,

Nakusalimu kutoka hapa Mbwera, kwa mdogo wangu. Huku ni mvua na matope, lakini kamba wa nazi ninaowala hutawaonja huko Kibiti.

Jana boti ilishusha watafiti wa chuo kikuu. Binti wa udaktari anapima watoto kichocho. Mwenzake wa sheria anauliza wajane wananyimwaje mashamba ya mpunga. Huyo tulimweleza mpaka akachoka yeye. Halafu kijana wa sanaa akataka tumwimbie nyimbo za unyago. Tulicheka!

"Umechezwa unyago wewe?" nikamuuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi kula wali wako. Hizo mwanamume hasikii."

Hakununa. Akasema, "Ndiyo maana chuo kinamhitaji mtafiti mwanamke, aliyechezwa."

Nikamwambia ninaye, mjukuu wangu anayesoma sanaa, yuko nyumbani analia kwa kuwa mjomba wake anasema nyimbo si elimu, ahamie sheria.

Futa machozi, mjinga wee! Kungwi wa hapa, Bi Mwanaidi, keshazeeka na hana wa kumwachia nyimbo zake. Amesema atakuimbia wewe tu. Zipi uandike na zipi uziache, mtakubaliana wenyewe. Mwambie mjomba wako kwamba daktari tumemwona, mwanasheria tumemwona, wewe wa nyimbo ndiye hujafika. Usibadili somo. Panda boti pale Nyamisati.

Mungu akulinde, na ule ushibe, umekonda mno.

Bibi yako, Somoe