Mazoezi Chini ya Kitanda

Vinkovci, 4 Oktoba

Dada Štefica,

Salamu nyingi kutoka nyumba ya wendawazimu, ambako sote hatujambo isipokuwa kichwani. U hali gani huko Munich? Mgongo umeacha kukusumbua? Zile sauti zangu zimetulia tangu wanibadilishie dawa. Ila kikohozi hakinibanduki, na bega la kushoto linaniuma nikilala.

Hospitali ya mjini wanapiga picha mapafu ya wavutaji sigara wote waliozidi umri wa miaka hamsini, bure, hata asiyeumwa. Kijiji kizima kimeitwa. Humu ndani sisi ni mabomba ya moshi na hakuna aliyeitwa hata mmoja. Nimemuuliza daktari wetu, kasema, "Tihomir, hizo ni neva tu, wasiwasi wako." Nesi Ankica anasema yuko tayari kunipeleka, lakini mlezi wangu wa kisheria ni wewe. Bila sahihi yako siendi popote. Utanitilia sahihi?

Asante kwa kahawa na sigara.

Mdogo wako,
Tihomir

Munich, 21 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimefurahi mno kusikia sauti zimenyamaza. Mimi nipo, mgongo ndio hivyo, mashuka ya hoteli hayajifui yenyewe.

Kikohozi hicho ni upepo. Kitanda chako kiko katikati ya dirisha na mlango, na huyo Jozo unayelala naye chumba kimoja huacha dirisha wazi hata kwenye baridi. Mama alitukanya mara ngapi? Mjomba Pavo alipinda uso kwa upepo wa namna hiyohiyo. Funga dirisha, uvae fulana ya sufu iliyomo kwenye furushi.

Mashine, hapana. Umesahau walipokupiga picha ya kichwa? Ulitoka mle ukipiga mayowe, ukakimbia pekupeku kwenye theluji, wakakufunga kitandani wiki nzima. Nilikuona ulivyofungwa. Sitaki kuona tena.

Nimekuwekea katoni mbili za sigara. Usigawe zote.

Dada yako,
Štefica

Vinkovci, 9 Desemba

Dada,

Hujambo na baridi? Fulana inawasha, lakini naivaa. Dirisha limefungwa, Jozo ananinunia. Kikohozi kiko palepale.

Sasa nisikilize. Najifunza kulala ndani ya mashine. Kila tukimaliza kahawa naingia chini ya kitanda, mikono juu ya kichwa, na Jozo anakaa juu yake ananguruma kama mashine. Ni mashine nzuri, tatizo ananuka kitunguu saumu. Mwanzoni nilichomoka mbio. Ile sauti ya mwanamke ilirudi ikaniambia wananizika. Nikaijibu, "Subiri kidogo, nina kazi." Siku hizi nalala mpaka Jozo mwenyewe anachoka. Ankica alikuja kutazama, akacheka hadi machozi, kisha akaniuliza, "Dada yako kasemaje?"

Naogopa, dada. Siyo mashine. Naogopa hiki kilichomo kifuani. Tafadhali, tia sahihi.

Mdogo wako,
Tihomir

Munich, 15 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

U hali gani? Jibu kweli safari hii. Ankica amenipigia simu. Kumbe unatema damu tangu Januari na umemkataza asiniambie! Na mimi hapa nimekaa na barua yako ya Desemba kwenye droo, kila Jumapili naisoma, kila Jumapili naona ile theluji.

Nimetia sahihi. Karatasi nimempa dereva wa basi la Vinkovci, atamkabidhi Ankica mkononi. Lala kama unavyolala chini ya kitanda. Mimi huku sitapata usingizi.

Dada yako,
Štefica

Vinkovci, 17 Aprili

Dada,

Natumaini mgongo haujambo. Nililala! Sikutikisika hata kidole. Fundi wa mashine kasema hajapata mtu mtulivu kama mimi wiki nzima, nikamwambia mwalimu wangu ni Jozo.

Uvimbe upo. Ni mkubwa, umekwishaingia begani, hawataukata. Watanipa dawa ya maumivu. Nilimuuliza daktari wa mapafu kama ningekuja Oktoba ingekuwaje, akasema isingebadilisha chochote. Basi usijitese.

Kaniambia niache sigara. Dada, nimekaa humu miaka ishirini na nane, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuniambia niache. Hawa madaktari na manesi wetu husema, "Mwacheni, ndiyo furaha yake pekee." Nimeacha. Zilizobaki nimempa Jozo, anasema wewe ni malaika.

Usiku pumzi inanipungukia. Chumba kina joto na moshi wa Jozo. Lakini usiwe na wasiwasi, dirisha nalifunga vizuri, kama ulivyoniagiza.

Mdogo wako,
Tihomir

Munich, 20 Mei

Tihomir, ndugu yangu,

Hii ni barua ya pili na hujanijibu. Unakula? Unalala? Ankica naye simu yake inaita tu.

Kuhusu Oktoba umenidanganya. Tangu utotoni hujui kudanganya, na hata kwenye karatasi unajulikana. Nakupenda kwa uongo huo, na unanichoma.

Nimeomba ruhusa, Jumamosi napanda basi. Nitakuja mgeni asiye na adabu, bila katoni hata moja. Nitaleta kahawa, na Jozo akininunia shauri yake. Nataka nikae kitandani pako unionyeshe ulivyokuwa ukilala.

Ile fulana ivue. Na usiningoje mimi, leo hii mwambie Jozo afungue dirisha, lote, na mlango pia. Upepo upite, mdogo wangu. Upite, nawe upate hewa.

Dada yako,
Štefica