Goti Ni Muhula Ujao

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, tanuri lako la mikate linawaka na mama ameacha kukohoa. Mimi mwilini sijambo. Roho ndiyo imechafuka, na ukiona kalamu imetoboa karatasi, ujue si wewe niliyekukasirikia.

Barua yako ilinifikia. Umeniandikia kwamba amani imesainiwa, kwamba mmerudi kwenye nyumba yetu na mama amelala amevua viatu kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Na wewe, kama kawaida yako, ukatania kwamba kuvua hakukuchukui muda, kiatu chako ni kimoja tu. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaitwa ukumbini.

Sasa nikueleze vituko vya wafadhili wetu. Unajua shirika hili linasomesha vijana wanaotoka nchi zenye vita, na ndivyo mimi na wenzangu wa kwetu tulivyopata nafasi. Mkurugenzi wao, ambaye sisi tunamwita Mama Mlezi, alikuwa ametuandalia keki na maputo. Alitupongeza utadhani sisi ndio tuliosaini. Halafu, huku anatabasamu, akatangaza kwamba kwa kuwa kwetu sasa ni shwari, ufadhili wetu utakoma muhula huu ukifungwa, na nafasi zetu watapewa vijana wa nchi nyingine iliyoanza kupigana juzijuzi. Kila mmoja akakabidhiwa begi jipya la safari, lenye magurudumu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikabaki nimeshika kipande cha keki kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia kwamba mabomu yaliyofukiwa mashambani kwetu hayana habari na mkataba wa mtu. Akasema ananielewa. Nikamweleza kwamba nasomea kutengeneza miguu ya bandia, kwamba mpaka sasa tumefundishwa mguu uliokatwa chini ya goti tu, na goti lenyewe ni muhula ujao. Akasema ananielewa sana, ila nchi yangu inanihitaji sasa hivi, na hakuna mtu anayejua kila kitu. Kaka, nusura nimuulize kama yeye angeweza kupanda ngazi za ofisi yake kwa mguu usiokunjika! Kisha akataka kujua kama rangi ya begi nimeipenda, maana yapo na ya bluu. Si mtu mbaya yule mama, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Anakunyang'anya kitu huku amekushika bega.

Nilipochagua kazi hii, wote walinisifu kwamba nataka kulihudumia taifa. Taifa gani? Wewe umekatwa juu ya goti. Nilikuja huku kujifunza mguu wako.

Ndiyo maana kuna jambo lazima nikuambie, na ukitaka kunichukia utakuwa na haki. Siku ile redio ilipotangaza amani, wenzangu walikumbatiana bwenini. Mimi nilijua mara moja ufadhili utaishia wapi. Nikajifungia chooni nikamwomba Mungu vita viendelee. Muhula mmoja tu, nilimwambia, utadhani naomba ruhusa kwa mwalimu. Niliomba hayo, mimi, huku wewe na mama mkiwa bado mnalala na viatu. Barua yako ilipokuja nikaona aibu mpaka nikashindwa kula. Nisamehe, kaka.

Sirudi bado. Usiniharakishe, na mweleze mama taratibu. Nimekwenda kwa fundi mkuu wa karakana ya chuo, yule mzee mnunaji niliyewahi kukusimulia. Alinisikiliza bila kuinua macho, akanung'unika kwamba yeye si shirika la misaada. Kisha akasema mfagiaji wake ameacha kazi, na kwamba yeye akifundisha goti hufundisha kwa sauti kubwa, hawezi kumziba mfagiaji masikio. Basi nitafagia. Kulala nitajibanza kwa rafiki yangu wa darasani.

Kazi yako ni moja. Mwambie mama akupime ule mguu uliobaki mzima, kutoka nyonga hadi goti, na kutoka goti hadi kisigino. Simama wima, na tafadhali usijiongezee urefu kama ulivyozoea. Uniandikie vipimo vya kweli.

Msalimie mama sana, umwambie avae sweta. Wasalimie na majirani waliorudi. Lile begi nilitaka kuwarudishia, kisha nikaghairi. Nimelipima. Mguu wako mpya hautaingia ukiwa umenyooka; itabidi ukunjwe gotini.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere