Pole kwa Mama wa Plasta

Mpwa wangu Sefu,

Salamu kutoka Marekani, ambako mjomba wako sasa ni mtu wa kutafutwa. Jumapili Washington nzima ilisimama kunisubiri nikague makaburi ya Wagiriki wa kale kwenye makumbusho yao. Dereva wangu alikuwa dada yako Zaina, ambaye nakaa kwake Springfield. Mvua ilinyesha, sambusa zikapoa mfukoni mwa koti.

Wagiriki waliweka makaburini mawe yaliyochongwa sura za watu. Haya ya hapa ni nakala za plasta, unaruhusiwa kugusa. Nikaona mama mmoja amekaa kitini, ndugu wamesimama wanampa mkono. Mimi, msemaji wa misiba yote ya ukoo, nifundishwe? Aliyekaa ndiye mfiwa! Nikavua kofia, nikamshika mkono, nikasema kwa ile sauti yangu ya msibani, "Pole sana mama, marehemu ametangulia tu."

Mlinzi, Mkongo mmoja, akaja mbio. "Papa, huyu mama njo mwenye alikufa!"

Zaina akakaa chini kwa kucheka. "Mjomba, umempa marehemu pole ya kifo chake mwenyewe!"

"Kwani nani amepatwa zaidi yake?" nikawauliza.

Baba yako mdogo Bakari asilisikie hili, ataninyang'anya usemaji. Nawapenda wote, Mungu awatunze, mama yako mpikie uji mzito.

Na hili libaki kwako: najua yule mama ni plasta tupu, lakini tangu siku ile nalala taa ikiwaka.

Mjomba wako,
Hamza